Masika Ambayo Zuena Hakuonekana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Glory alinunua daftari hili dukani karibu na stendi, dakika chache kabla ya basi lake la Arusha kuondoka. Aliniambia, "Baba, kama kuongea huwezi, basi andika." Ndiyo naandika.

Mama yake, Hosiana, tulimzika kwetu Soni tarehe 11 Januari. Nimeandika sentensi hiyo makusudi ili niizoee.

Kazi ni ileile. Mradi wetu unatengeneza pampu za mkono vijijini, Korogwe ya chini na Handeni. Mafundi wako huko, wawili wawili, na kila wawili wana simu moja ya mradi. Mimi nakaa ofisini Korogwe na kompyuta. Kwenye kompyuta kuna ukurasa wa matukio. Fundi akimaliza pampu anachagua jina lake kwenye simu, anabonyeza "Imekamilika," na ukurasa wangu unaandika wenyewe: nani, wapi, saa ngapi. Habari mpya inakaa juu, za zamani zinashuka.

Leo Ritha, mratibu wetu, kaniambia kuwa kuanzia Juni fedha za mradi zinapungua na Kwamsisi atabaki fundi mmoja. Wako wawili, Mzee Yusuph na Zuena. Nani abaki, itaamuliwa kwa taarifa yangu ya tarehe 20 Mei, na taarifa itatoka kwenye ukurasa.

Nilimwambia hilo si gumu. Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa shamba la mkonge, nikihesabu mizigo ya wakataji. Kuhesabu nakuweza.


Jumatano, 5 Machi

Mawingu upande wa milimani. Mvua bado.


Jumatatu, 10 Machi

Mistari ya Kwamsisi kwa wiki iliyopita:

Yusuph Mustafa amekamilisha kazi. Pampu ya sokoni. Jumanne, saa 7:15 mchana.
Yusuph Mustafa amekamilisha kazi. Pampu ya msikitini. Alhamisi, saa 8:02 mchana.
Yusuph Mustafa amekamilisha kazi. Pampu ya mnadani. Jumamosi, saa 6:48 mchana.

Mzee wa miaka sitini na saba, na amefunga Ramadhani. Zuena Salimu, miaka ishirini na minane, hana hata mstari mmoja. Nilimwonyesha Ritha. Akasema labda binti anakaa kivulini anashika spana tu.


Alhamisi, 13 Machi

Leo mtungi wa maji umekauka. Tangu nimejenga nyumba hii sijawahi kuuona umekauka. Nilisimama pale na kikombe mkononi, nikajaribu kukumbuka Hosiana alikuwa anaujaza saa ngapi. Sikumbuki. Sijui kama alifanya asubuhi nikiwa nanyoa au jioni nikiwa kanisani kwenye kwaya. Nimekunywa maji ya mtungi huo miaka thelathini na moja.

Nimeujaza. Nimemwaga nusu sakafuni.


Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Ilikuja saa kumi, ikapiga bati mpaka magharibi. Harufu ya vumbi lililolowa ilifika mpaka ndani.


Jumatatu, 24 Machi

Yusuph Mustafa, pampu mbili. Zuena, hakuna.

Nimeanza kuupenda ukurasa huu kwa namna ambayo siwezi kumwambia mtu. Nyumbani hakuna anayefanya jambo nisipolifanya mimi. Hapa nikikaa dakika kumi, mtu wa Sindeni anabadilisha fito za pampu, mtu wa Mombo anapiga picha ya bomba. Naona watu wapo.


Jumatatu, 31 Machi

Leo Idi. Zuena ametuma salamu kwenye simu yangu: "Idi njema baba, na pole tena kwa mama." Hakuna mwingine aliyenikumbuka na pole leo. Nikamjibu asante. Kisha nikafungua ukurasa nikaona jina lake halimo kwa wiki ya nne, nikajisikia vibaya, maana binti ni mwema na nitalazimika kuandika ukweli.


Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kila siku. Mto Pangani umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa.

Mzee Yusuph anaumwa malaria. Tangu tarehe 2 Kwamsisi haina mstari.


Alhamisi, 10 Aprili

Kwamsisi bado kimya. Siku ya tisa sasa. Zuena ni mzima, simu ya mradi anayo yeye, lakini hakuna kilichokamilika. Kwenye daftari la ofisi nimeandika: "Z. hafanyi kazi mzee asipokuwepo." Nilipiga mstari chini yake kwa rula.


Jumamosi, 12 Aprili

Mzee Yusuph kapona. Mchana huu kamaliza pampu nne, kuanzia saa 8:20 mpaka saa 10:05. Ritha alicheka akasema, "Huyo mzee ni kiboko. Tumpe Handeni yote." Nami nilicheka.


Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nilikwenda Soni. Kaburi la Hosiana limeanza kuota majani. Dada yake alitaka kuyang'oa, nikamwomba ayaache kidogo. Hosiana alikuwa anapanda kila kitu popote: kitunguu kwenye kopo, tangawizi kwenye sufuria bovu. Kumkuta na majani siku mia moja baadaye kulinifaa.


Ijumaa, 25 Aprili

Ritha aliomba taarifa mapema, kwa kuwa wakubwa wa Dar wanataka majina kabla ya wakati. Nilihesabu. Yusuph Mustafa, kazi kumi na tisa. Zuena Salimu, sifuri. Abaki Yusuph. Nilisaini, Ritha akatuma jina.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na mwavuli wa Hosiana. Una maua, na ua moja limechanika.


Jumatano, 30 Aprili

Zuena yuko Ngombezi, kwenye kambi ya shamba letu la zamani la mkonge, tangu Jumapili iliyopita, anamuuguza mama yake. Mzee Yusuph yuko Kwamsisi, mzima. Na ukurasa hauna mstari.

Nilidhani ni mtandao. Nikampigia mzee. Tuliamkiana vizuri, nikauliza kazi inaendaje.

"Namngoja mwenzangu arudi," akasema.

Nikasema mbona wewe ndiye unayemaliza. Akasema ndiyo, namaliza, lakini cha kumaliza hakijafika.

Nimeandika maneno hayo hapa kwa sababu tangu saa nne asubuhi hayajaondoka kichwani. Alipoumwa yeye, mistari ilikauka. Alipoondoka Zuena, imekauka tena. Nilikuwa nimeangalia ukame mmoja tu.


Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda Ngombezi kumjulia hali mgonjwa. Mama yake Zuena ni Maryamu, aliyekuwa kwenye mashine ya brashi, ile ya kusafisha nyuzi za mkonge, kiwandani enzi zangu za ukarani. Nilichukua sukari kilo moja na vipande viwili vya sabuni.

Amekonda, lakini mdomo ni uleule. Aliponiona mlangoni akasema, "Karani, ulikuwa unatukatalia mizigo, leo unaleta sukari. Nimekaribia kufa, au nini?" Tulicheka wote. Kisha akanishika mkono kwa ajili ya Hosiana, akakaa nao muda mrefu.

Zuena alikuwa nje kwenye bomba la kambi, amefungua koki na anakata mpira kutoka kwenye kandambili ya zamani ili kuliziba. Wanawake wawili walisubiri na ndoo. Aliniamkia, akaomba radhi kwamba mikono ina grisi, akamaliza ndipo akaja. Niliitazama ile mikono. Si mikono ya mtu anayekaa kivulini.

Tulikaa kwenye ngazi, nikamweleza kwamba ukurasa wa ofisini hauna jina lake mahali popote. Hakushtuka. Alisema anajua, yeye ndiye anayempa Mzee Yusuph simu.

"Kwa nini?"

"Sasa baba, mimi niseme kazi imekwisha, mzee amekaa pale ananitazama? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Akanieleza kama unavyomweleza mtu wa mjini, ingawa mimi ni wa Soni na nilipaswa kujua. Kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakichimba barabara au mfereji, kazi haiishi kwa sababu majembe yamesimama. Inaisha pale mkubwa kuliko wote anapotazama na kusema imetosha. Hata kama asubuhi nzima hakushika jembe. Hata mtoto mdogo anajua kwamba hilo si neno lake. Simu ilipoletwa na kitufe cha "Imekamilika," hawakujadili. Zuena alimpa mzee simu kwa mikono miwili, mzee akavaa miwani, akabonyeza.

Niliuliza nani anavuta mabomba kutoka kisimani. Alisema yeye, na kina mama wa pale wanamsaidia. Mzee anawaambia bomba la ngapi lina ufa, maana alikuwepo visima vilipochimbwa, na hajawahi kukosea.

Niliuliza kuhusu siku tisa za malaria. Akasema pampu zote nne alizimaliza yeye, na watu walikuwa wanachota tayari. Ila hakuona haki kufunga neno mzee akiwa kitandani. Mzee alipopata nguvu, akampakia nyuma ya baiskeli, akamzungusha pampu moja baada ya nyingine.

Hapo nilikumbuka daftari la ofisi na mstari wangu wa rula.

Nikamwambia jina lililotumwa ni la mzee. Akatazama upande wa kiwandani, ambako mashine zilikuwa zinalia. Alisema basi ataingia kwenye brashi kama mama yake, nafasi huwa zipo. Nikasema nitakwenda kumweleza mzee. Ndipo sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza.

"Usimwambie. Ataona nimemsemea. Baba, nakuomba, bora kazi iende."

Sikumwahidi. Nilisema namwombea mama yake apone, nikaondoka.


Jumamosi, 3 Mei

Nimefua mashuka. Mvua ikayalowesha kwenye kamba mara mbili.


Jumatatu, 5 Mei

Nilimweleza Ritha yote. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika. Kisha akasema jambo ambalo siwezi kumlaumu kwalo. Hawezi kuwaandikia wakubwa kwamba ukurasa una makosa kwa maneno ya mtu mmoja ambaye ndiye anayefaidika. Watauliza kuhusu vijiji vingine vyote. Akasema, "Baba Glory, mzee mwenyewe akisema, nitakuwa na cha kuandika. Majina yanafungwa tarehe ishirini."

Kwa hiyo, nisipomwambia mzee, Zuena anakosa kazi. Nikimwambia, namvunjia Zuena ombi lake, na ninamwendea mtu mzima nyumbani kwake kumwambia kwamba amehesabiwa jasho la binti.

Hosiana angejua. Alikuwa anaweza kumwambia mtu kwamba nguo imechanika nyuma, na mtu huyo akaondoka anacheka. Sikuwahi kumuuliza anafanyaje.


Jumatano, 7 Mei

Mvua. Zuena amerudi Kwamsisi, mama yake anaendelea vizuri. Yusuph Mustafa amekamilisha kazi, pampu ya kwa Mzungu, saa 9:30 alasiri.

Sasa kila nikisoma mstari huo naona baiskeli.


Jumatatu, 12 Mei

Nimerudi kutoka Kwamsisi. Nguo zina tope mpaka kiunoni, lakini niandike kwanza.

Nilishuka Mkata kwenye basi, nikachukua bodaboda. Mara tatu tulishuka tukasukuma. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini Kwamsisi mvua yote hii. Nikasema naenda kusalimia. Akasema lazima huyo unayemsalimia anakudai. Karibu nimwambie ndiyo.

Mzee Yusuph alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo. Alinipa kigoda, akaagiza chai, akaniuliza habari za Korogwe, za mvua, za Glory, na akanipa pole ya Hosiana kama mtu anayejua uzito wake. Mke wake alifariki mwaka juzi. Tuliongea kuhusu wake zetu mpaka chai ikapoa. Aliniambia bado analala upande wake mmoja wa kitanda. Nikamwambia hata mimi.

Kisha nikatoa karatasi nilizochapa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia tangu Segera na yote yalinitoka. Nikampa tu. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Yusuph Mustafa, Yusuph Mustafa, Yusuph Mustafa. Aligeuza ukurasa wa pili. Akauliza jina la Zuena liko wapi.

Nikasema halipo. Nikamweleza taarifa yangu, jina lililotumwa, na tarehe ishirini. Nikamwambia pia kwamba Zuena amenikataza kuja, na nimekuja bila ruhusa yake.

Alivua miwani. Mahindi yalibaki mapajani.

"Mimi nilidhani naombwa baraka," akasema. "Kumbe nilikuwa naandikiwa kazi."

Akanitazama, si kwa hasira.

"Na wewe karani. Uliona kazi nne mchana mmoja, mzee ametoka kitandani. Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Ungepiga simu tu."

"Ndiyo, mzee."

Akarudi kwenye mahindi yake. Tulipukuchua pamoja gunzi kadhaa. Aliniambia mambo ya Zuena ambayo hakuna mstari unaoyaandika: anavyoteremka na kamba kiunoni kufuata spana iliyoanguka, anavyowafundisha kina mama kukaza nati ili pampu isimngoje fundi kwa jambo dogo, anavyomletea yeye uji asubuhi kabla ya kazi na kudai umebaki. Alisema, "Anaishi peke yake. Uji hauwezi kubaki kila siku."

Wakati naondoka hakuniambia atafanya nini. Alinisindikiza mpaka barabarani kwenye mvua, na mimi nikiwa na mwavuli, yeye hana.


Alhamisi, 15 Mei

Hakuna habari. Mtungi nimeujaza leo bila kumwaga.


Jumanne, 20 Mei

Saa tatu asubuhi Mzee Yusuph aliingia ofisini. Kanzu safi, viatu kwenye mfuko wa plastiki, miguu ina tope. Alinawa kwenye bomba la nje, akavaa viatu, ndipo akabisha hodi. Ritha alisimama akamwamkia.

Alikataa kiti mpaka aseme. Maneno yake yalikuwa machache. Alisema kazi zilizoandikwa kwa jina lake ni za Zuena Salimu, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Yeye kazi yake ilikuwa kukumbuka visima na kusema imetosha. Hakudanganya, na binti hakudanganya. Kila mmoja alifanya adabu aliyolelewa nayo. Kama nafasi ni moja, aandikwe anayevuta mabomba.

Ritha alimuuliza kama anaelewa kwamba yeye atatoka.

"Mwanangu, kutoka wapi? Visima viko kijijini kwangu."

Ritha akaandika kila neno, akamsomea, mzee akasaini kwa jina kamili. Mimi nikaandika yangu chini yake: kwamba nilihesabu mistari na sikuuliza. Ritha alisema si lazima. Niliyaacha yabaki.

Saa nane jibu likaja. Zuena anabaki.

Nilimpigia kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umemtoa mzee wangu, baba," akakata.


Jumatano, 21 Mei

Nimepiga. Hakupokea.


Jumamosi, 24 Mei

Hakupokea. Mvua imepungua, jua lilitoka mchana. Nilitaka kumlaumu nikashindwa. Aliniomba jambo moja tu.


Jumapili, 1 Juni

Glory kapiga. Akauliza kama naandika. Nikamsomea kidogo, ile ya Ngombezi. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua: mama yake alikuwa anajaza mtungi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu mimi nikiamka huwa natafuta maji kabla ya kutafuta taa.


Jumatatu, 9 Juni

Masika yamekwisha. Njia za Handeni zimekauka, na mafundi wanapita.

Saa 5:40 asubuhi ukurasa uliandika: Zuena Salimu amekamilisha kazi. Kwamsisi, pampu ya bondeni. Nilimwita Ritha aje aone. Alikuja na kikombe chake, akasimama nyuma ya kiti changu, akasema afadhali.

Saa 6:05, tukiwa bado tunautazama, ukaja mstari mwingine juu yake: Zuena Salimu ameirudisha kazi. Haijakamilika. Na chini, kwenye nafasi ya maelezo ambayo mafundi huwa hawaijazi, alikuwa ameandika: "Mzee Yusuph amepita, ameonja. Anasema maji bado yana ladha ya chuma."

Ritha akaweka kikombe mezani. Akauliza kama kurudisha kazi kunahesabiwa kuwa kosa la fundi. Nikasema sijui, ngoja niulize, nikachukua simu.

Safari hii alipokea. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwuliza hayo maji yana ladha gani. Akasema anataka kuonja tena, nisubiri kidogo. Nikasubiri na simu sikioni. Nilisikia mkono wa pampu ukipanda na kushuka, wanawake wakicheka, na Mzee Yusuph akimwambia mmoja wao aiweke ndoo chini, asiwe na haraka, bado.